Mwongozo kamili: kuchagua ndege ya rimoti ya kwanza ya kujifunzia sarakasi za angani

Maswali yanayonifikia kuhusu ndege za rimoti ni yaleyale. Mtu amejifunza kurusha kwa ndege ya mafunzo, ameimudu, sasa anataka kupinduka na kubingirika angani. Ananunua moja kati ya mbili: ama ndege ya kivita yenye rangi za kuvutia, kama Mustang au Spitfire, ama ndege ya 3D (yaani ya sarakasi kali za mwendo mdogo) aliyoiona kwenye video ikining'inia wima kwa propela yake. Haimalizi wiki. Wengine hawanunui kitu, wanaing'ang'ania ndege ya mafunzo na kushangaa kwa nini inakataa kuruka kichwa chini.

Mara nyingi kosa limeshafanyika dukani, kabla betri haijachajiwa. Ndege unayoihitaji ni ile inayokwenda unakoielekeza na kubaki hapo, na ambayo ukiiangusha Jumamosi unaiunga usiku huohuo kwa vitu vinavyopatikana mjini kwako. Hatua zilizo hapa chini zitakufikisha kwenye ndege hiyo. Usiziruke, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Rimoti ya 2.4 GHz yenye chaneli sita au zaidi. Nne zinatosha kurusha, lakini swichi ya jairo (kifaa kinachoituliza ndege chenyewe) inataka chaneli yake. Iwe inaweza kuhifadhi mipangilio ya ndege zaidi ya moja, na iwe na ekspo (mpangilio unaolainisha stiki karibu na katikati) pamoja na vipimo viwili vya mwendo wa stiki, kidogo na kikubwa.
- Betri tatu za lipo (lithiamu-polima) za aina moja.
- Chaja inayosawazisha seli, na ndoo ya mchanga karibu na unapochajia.
- Propela za akiba, zisipungue nne.
- Mizani ya jikoni, na ile ya kutundika ya kupimia mabegi ya safari.
- Kipima wati cha kuunganisha kati ya betri na ndege.
- Epoksi ya dakika tano, supaglu, utepe wenye nyuzi, na vijiti vya mishikaki. Vijiti hivyo ni nondo nzuri kabisa za kuunganishia foamu iliyokatika.
- Rula na kikokotoo cha simu.
- Programu ya kuigiza urushaji. PicaSim ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. RealFlight ni ya kulipia, inataka kompyuta, lakini inakuruhusu kutumia rimoti yenyewe.

## Hatua ya 1: Pima kama ndege uliyonayo imekwisha kukufundisha

Zima jairo ya ndege yako ya mafunzo. Chora namba nane angani, kwenda na kurudi, bila kupanda wala kushuka. Kisha tua mara kumi mfululizo bila kuvunja propela, tano ukiwa na upepo kidogo.

Sababu yake ni kwamba ndege ya sarakasi haijirekebishi yenyewe. Ukiilaza upande inabaki imelala hadi uinyanyue. Mtu aliyezoea kuachia stiki ili ndege ijiweke sawa atachanganyikiwa dakika ya kwanza.

Huku ukisubiri mzigo ufike, fungua programu ya kuigiza, chagua ndege yenye bawa la chini, na ruka kichwa chini katika duara hadi kidole kizoee kusukuma badala ya kuvuta. Kuanguka kwenye skrini hakugharimu kitu.

Umefaulu kama: ndege inapokujia kwa mbele, hufikirii tena kushoto ni kupi.

## Hatua ya 2: Chagua bawa kabla ya kitu kingine

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Itazame ndege kwa mbele. Kwenye ndege ya mafunzo, kama E-flite Apprentice, mabawa yameinuka kuelekea ncha na kufanya V iliyotandazwa. Umbo hilo huirudisha ndege sawa kila inapolala upande. Ni msaada mkubwa kwa anayeanza na kikwazo kwa anayetaka sarakasi: ukiiweka kichwa chini, V hiyohiyo inapambana nawe ili igeuke. Unataka mabawa yaliyonyooka, au yenye mwinuko mdogo sana.

Sasa litazame bawa kwa upande, kwenye ncha. Kama chini ni bapa na juu pamevimba, bawa hilo limetengenezwa kubeba ndege isipokuwa imepinduka tu. Ukiongeza mwendo pua inapanda bila kuambiwa, na kichwa chini utalazimika kusukuma stiki sana ili isizame. Unalolitaka limevimba sawasawa juu na chini, kama samaki unapomtazama kutoka juu. Bawa hilo halijui juu ni wapi, na ndiyo maana linakutii ukiwa umepinduka. Lenye tumbo dogo chini na mgongo mkubwa juu linakubalika ukikosa lililo sawa kabisa, lakini ukiwa kichwa chini utasukuma zaidi.

Jambo la tatu ndilo wanunuzi wengi hawalioni: upana wa bawa kutoka kwenye kiwiliwili hadi ncha. Bawa likiwa na upana uleule hadi mwisho, ndege inapoishiwa mwendo sehemu ya katikati hupoteza uwezo wa kubeba kwanza. Pua inashuka taratibu, unaongeza mota, unaendelea. Bawa likiwa jembamba sana nchani, kama la ndege nyingi za kivita, ncha moja inaweza kutangulia kuacha kubeba. Ndege inajipindua ghafla upande mmoja. Likitokea hilo unapogeuka kuja kutua, ukiwa mita kumi juu, hakuna muda wa kuiokoa. Hii ndiyo sababu kubwa inayoifanya Mustang iwe chaguo baya kwa hatua hii, hata kama moyo unaitaka.

Kwa mtazamo wangu, umbo linalofaa kuliko yote ni lile linaloitwa Stik: kiwiliwili cha boksi, bawa pana lililonyooka lililowekwa juu ya boksi, umbo la bawa sawa juu na chini. Halina sura ya ndege halisi, na wengi hulipita dukani. Lakini linabingirika vizuri, linaruka kichwa chini bila kulazimishwa, linatua polepole, na ukilivunja unaona wazi kipande gani kiungwe na kipi. Linalofuata ni ndege ya mafunzo ya pili yenye bawa la chini. La tatu ni ndege ndogo za sarakasi za foamu zenye bawa la katikati, mfano AcroMaster ya Multiplex, kwa sharti moja: zirushwe kwa vipimo vidogo vya stiki hadi utakapozizoea.

Extra 300, Edge 540 na Yak 54 zinaiga ndege halisi za mashindano, na matoleo mengi ya rimoti yametengenezwa kwa ajili ya 3D, eleroni zake (vipande vinavyocheza nyuma ya mabawa ili ndege ibingirike) ni kubwa mno. Zitakuwa ndege zako nzuri sana baadaye.

Onyo: maneno "sarakasi" au "3D" kwenye boksi hayakuambii kitu. Tafuta picha ya mbele na ya ncha ya bawa. Muuzaji asipokuwa nazo, muombe.

## Hatua ya 3: Pima ukubwa na uzito kwa hesabu

Tafuta bawa lenye urefu wa mita 1.1 hadi 1.3 kutoka ncha hadi ncha. Dogo zaidi linatikiswa na kila upepo na linapotea machoni haraka. Kubwa zaidi linaongeza gharama ya betri, na ya kila ajali.

Kisha tafuta mzigo wa bawa, yaani kila kipande cha bawa kinabeba gramu ngapi. Chukua bawa la mita 1.15 lenye upana wa sentimita 22. Kwa desimita ni 11.5 mara 2.2, sawa na desimita za mraba 25.3. Kama ndege na betri yake ina uzito wa gramu 1,100, gawa: kila desimita ya mraba inabeba gramu 43.

Kwa ukubwa huu, kati ya 30 na 50 ndipo pa kujifunzia. Ikizidi 60 ndege inatua kwa kasi na inahitaji uwanja mrefu. Ikishuka chini ya 25 inapeperushwa, na mtu wa pwani atakaa nyumbani msimu wote wa kusi.

Onyo: uzito unaotangazwa mara nyingi hauhesabu betri. Soma maandishi madogo, au pima mwenyewe.

## Hatua ya 4: Hakikisha mota ina nguvu, na uhesabu mwinuko wa mji wako

Sarakasi ni kupanda. Kitanzi, yaani kuizungusha ndege duara la wima, kinaanza kwa kupanda, na mota dhaifu itaiacha ndege juu kichwa chini bila mwendo. Kwa kujifunza, tafuta wati 220 hadi 300 kwa kila kilo. Ndege ya gramu 1,100 inataka mota ya wati 250 hadi 330, ambayo betri ya seli tatu ya 2200 mAh inaimudu. Ndege za 3D huzidi hapo, lakini nguvu ya ziada inalipiwa kwa uzito na betri ghali.

Ukishaipata ndege, usiamini karatasi. Iweke kwenye sakafu laini, funga kamba mkiani, ncha nyingine kwenye mizani ya kutundika iliyofungwa kwenye nguzo. Mtu wa pili aushike mkia kwa wepesi tu, bila kuuvuta, ili asiharibu kipimo. Wote muwe nyuma ya propela, asiwepo mtu ubavuni mwake. Fungua mota hadi mwisho kwa sekunde tano na usome mizani. Mvuto ukikaribia uzito wa ndege au kuuzidi, umepata. Ukiwa chini ya theluthi mbili ya uzito, vitanzi vitakuwa vya tabu.

Sasa mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi. Propela inashika hewa kidogo, na bawa linahitaji mwendo zaidi, karibu asilimia 8, ili kubeba uzito uleule. Eldoret, kwenye mita 2,100, hali ni ngumu zaidi. Ndege iliyosifiwa na mtu wa Tanga inaweza kuonekana nzito na ya haraka kwako, na wote wawili mko sahihi.

Kwa miinuko hiyo chagua mzigo wa bawa ulio chini, kwenye 30 hadi 40, na propela kubwa kidogo. Kidogo tu: kutoka inchi 10 hadi 11 huongeza mzigo wa mota kwa zaidi ya theluthi. Pima kwa kipima wati, na ampea zisivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kidhibiti mwendo.

## Hatua ya 5: Chagua mwili unaoweza kuuunga, na mzigo unaoweza kuusafirisha

Foamu ya EPO ndiyo ya kawaida madukani: ngumu kiasi, ina sura nzuri, inaungika. Foamu ya EPP inapinda na kurudi, inavumilia mapigo kuliko zote, ila haina unadhifu. Balsa inaruka vizuri mno lakini inataka fundi na meza ya kazi. Kwa ndege ya kwanza ya sarakasi chukua EPO au EPP.

Supaglu ya kawaida inashika EPO na EPP. Foamu nyeupe ya kufungashia televisheni, ambayo wengi huitumia kutengeneza viraka, inaliwa na gundi hiyo na kubaki shimo. Hapo tumia epoksi. Gundi ya moto inayeyuka upya ndani ya gari lililoachwa juani, kwa hiyo isishike mota wala mkia.

Kabla ya kuagiza, uliza maswali haya: Je, bawa, mkia, magurudumu na kofia ya mota vinauzwa kimoja kimoja? Servo (mota ndogo zinazosukuma vipande vya bawa na mkia) ni za ukubwa wa kawaida wa gramu 9, au za pekee? Plagi ya betri ni ya XT60 au nyingine inayopatikana kwenu? Bawa ni la vipande viwili?

Hilo la mwisho lina pesa ndani yake. Kampuni nyingi za vifurushi vya ndege hutoza kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawa kwa 5,000. Boksi la 115 × 35 × 25 linatoka kilo 20, wakati ndani mna ndege ya kilo moja na kidogo. Bawa likigawanyika na boksi likawa 80 × 30 × 22, utalipia kilo 10.6. Nimeona watu wakilipa usafiri kuliko ndege kwa kutouliza swali hili moja.

Betri ndizo ngumu zaidi kuagiza. Ukiwa na ndugu anayetoka Dubai, Muscat au Ulaya, azibebe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, plagi zikiwa zimezibwa kwa utepe. Mashirika ya ndege kwa kawaida hukubali zilizo chini ya Wh (wati-saa) 100. Betri ya seli tatu ya 2200 mAh ni volti 11.1 mara 2.2, yaani Wh 24.4. Hata hivyo aulize shirika lake kabla ya safari.

## Hatua ya 6: Kuhusu jairo

Jairo inayotuliza mtikisiko wa upepo ni nzuri. Jairo inayoirudisha ndege sawa kila inapolala inaua somo lote, maana inapinga kila unachojaribu. Nunua yenye jairo ikiwa tu inazimwa kwa swichi angani.

## Hatua ya 7: Ulizia ruhusa na uwanja

Ndege za rimoti ziko mikononi mwa mamlaka za usafiri wa anga: TCAA Tanzania, KCAA Kenya, RCAA Rwanda. Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020. Uliza kabla mzigo haujafika forodhani. Walio Marekani wajiandikishe FAA kwa ndege ya zaidi ya gramu 250 na wafanye mtihani wa TRUST, ambao ni bure. Walio Uingereza wanahitaji Flyer ID na Operator ID za CAA.

Uwanja uwe mbali na watu, barabara, nyaya za umeme na njia za ndege kubwa. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, ndiyo saa ya kujifunza.

## Hatua ya 8: Ipange kabla ya kuirusha

Uwiano. Weka betri, ibebe ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali mwongozo wake unaposema. Ya bawa la chini ibebe ikiwa kichwa chini. Kama huna mwongozo na bawa lina upana uleule hadi ncha, anza robo ya upana kutoka ukingo wa mbele: kwa bawa la sentimita 22 ni sentimita 5.5. Pua ikizidi uzito kidogo ndege inakuwa nzito kuamrisha. Mkia ukizidi, inakuwa haikamatiki.

Mwendo wa vipande. Kwa eleroni na eleveta (kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua) zenye upana wa sentimita 4, weka kipimo kidogo cha milimita 8 juu na 8 chini, na kikubwa cha milimita 15. Rusha kwa kidogo.

Ekspo. Anza na asilimia 30. Angalia vizuri hapa: kwenye rimoti za Spektrum stiki inalainishwa kwa alama ya kujumlisha, kwenye Futaba kwa kutoa. Ukikosea, ndege itakuwa kali katikati ya stiki. Tazama mchoro kwenye skrini ya rimoti: mstari lazima uwe bapa katikati.

Mawasiliano yakikatika. Toa propela, washa mota kidogo, zima rimoti. Mota isipozimika yenyewe, usirushe hadi upange upya.

Saa. Weka dakika nne. Tua, pima seli. Zikiwa chini ya volti 3.7 kila moja, punguza muda.

## Hatua ya 9: Ijaribu angani

Panda hadi mita 60 hivi. Kwa nusu ya nguvu, nyoosha ndege hadi iruke yenyewe bila kuguswa. Kisha fuata mpangilio huu.

Punguza mota hadi mwisho, shikilia usawa kwa kuvuta eleveta taratibu. Pua ikishuka moja kwa moja, una bawa jema. Ikiangusha ncha moja, sogeza betri mbele na upunguze mwendo wa eleveta, kisha rudia.

Bingirisha upande mmoja hadi mwisho, ukiinua pua kidogo kabla hujaanza. Ndege nzuri inamaliza karibu na mstari iliouanzia.

Fanya kitanzi kikubwa. Usivute kwa nguvu, acha mduara uwe mpana, na punguza mota inaposhuka. Ikitoka imeegemea upande uleule kila mara, pengine bawa moja ni zito. Ibebe ndege kwa pua na mkia uone ncha ipi inashuka, kisha bandika skrubu ndogo kwenye ncha nyepesi.

Mwisho, kichwa chini. Nusu mbingiriko, sukuma stiki kidogo, hesabu hadi tatu, malizia mbingiriko. Onyo ambalo naomba ulikariri: ukiwa kichwa chini usitoke kwa kuvuta. Kuvuta kunaipeleka ndege ardhini kwa nguvu zote za mota. Toka kwa kubingirisha, kila mara.

Umefaulu kama: kichwa chini unasukuma kidogo tu kuishika sawa, inatua bila kukimbilia uwanja wa jirani, na hujagusa kipimo kikubwa cha stiki.

## Ikikataa majaribio

Ikihitaji kusukumwa sana kichwa chini, rudisha betri nyuma milimita tatu kwa kila mruko, si zaidi. Ikishindwa kumaliza kitanzi, pima mvuto tena kwa mizani ukiwa na betri iliyojaa. Mara nyingi tatizo ni propela iliyochimbika kwa changarawe au betri iliyochoka, na propela ndiyo nafuu ya kubadilisha kwanza.

Ikiendelea kuangusha ncha baada ya kurekebisha uwiano, bawa halikufai. Iuze ikiwa nzima kwa mtu aliyebobea, umweleze tabia yake, na urudi hatua ya 2. Kabla ya kuondoka uwanjani siku hiyo, na kila siku, hakikisha betri ambazo hazitatumika kesho zinarudishwa kwenye volti 3.8 kwa seli.